SOMO LA FIDIA: NAMNA YA KUKISIA HAKI YA MTU ALIYEUMIA

Ndugu wanachama,

Katika ukurasa huu wa mafunzo tumezoea kuandika juu ya miche, palizi, uanikaji na bei. Safari hii twaandika juu ya jambo ambalo kila msimu hutujia bila ya kualikwa, nalo ni mtu kuanguka mkarafuuni. Mkarafuu mkongwe hupita urefu wa nyumba ya ghorofa tatu, na tawi lake halitoi onyo. Anguko likishatokea huulizwa maswali mawili. La kwanza, "Yu hai?" La pili huulizwa siku chache baadaye, kwa sauti ya chini: "Apewe kiasi gani?"

Swali la kwanza tunalijibu sote kwa kukimbilia hospitali. La pili, wengi wetu hulijibu kwa kukisia hewani. Mwenye shamba hutaja fedha aliyonayo mfukoni, na jamaa za mgonjwa hutaja fedha waliyo na haja nayo siku ile. Wote wawili wanasema juu ya mifuko yao, na hakuna hata mmoja aliyepima mguu uliovunjika. Katika somo hili twataka kuonyesha kwamba kiasi hicho chaweza kuhesabiwa. Hakitapatikana kwa shilingi na senti, lakini mtu aweza kujua kama analotolewa ni haki au ni dharau.

Mifano yetu tumeiazima Bara, mahali paitwapo Ndungu. Tumechagua huko kwa sababu mbili. Kwanza, mtu hujifunza vyema zaidi kwa jambo lisilomhusu jirani yake, maana hana wa kumtetea wala wa kumwonea haya. Pili, huko aina tatu za kazi zimekaa ubavu kwa ubavu, na kila aina ina mlango wake wa fidia.

Ndungu ni wapi

Msafiri atokaye Tanga kwenda Same hupita Mombo mpaka Mkomazi. Akiiacha njia kuu hapo na kushika njia ya mashariki, atapita Bendera na Kihurio, naye atafika Ndungu, katika wilaya ya Same, mkoa wa Kilimanjaro. Upande mmoja ni milima ya Upare ya Kusini, upande wa pili ni uwanda mkavu unaoelekea mbuga ya Mkomazi. Hapo pana shamba la mkonge. Pana na mashamba ya mpunga yanayonyweshwa kwa mifereji. Mradi huo ulijengwa kwa msaada wa Japani na kumalizika mnamo mwaka 1990. Tena pana barabara, na katika barabara pana malori na pikipiki za abiria.

Basi tuna mtu wa mshahara, tuna mkulima wa shamba lake mwenyewe, na tuna msafiri. Watu tutakaowataja ni wa mfano tu, wamebuniwa kwa ajili ya hesabu. Hatusemi kwamba mambo haya yalitokea katika shamba fulani au kwa mtu fulani.

Maneno matatu yasichanganywe

Kabla ya hesabu, tutenganishe maneno.

*Mkono wa pole* ni hisani. Mwenye kuutoa hakulazimishwa, na mwenye kuupokea hana haki ya kuudai. Ni jambo jema, lakini haulipi deni.

*Fidia* ni haki inayotokana na sheria. Hudaiwa, huhesabiwa, na asiyelipa hupelekwa mbele ya chombo cha sheria.

*Diya* tuliisoma vyuoni: ngamia 100 kwa nafsi, nusu yake kwa mkono mmoja, ngamia 10 kwa kila kidole, na 5 kwa jino. Katika hesabu hiyo kidole gumba na kidole cha mwisho ni sawasawa. Ndugu zetu walioko Oman wanajua kwamba huko diya ni sheria ya nchi mpaka leo, na kwa amri ya Sultani ya mwaka 2008 diya ya nafsi iliwekwa riyali 15,000. Twaitaja hapa ili mwanachama asidhani kwamba kupima kiungo kwa tarakimu ni jambo geni lililoletwa na mawakili. Wazee wetu waliona zamani kwamba panapokosekana kipimo, mnyonge ndiye anayepunjwa.

Mlango wa kwanza: aliyeumia kazini

Mkonge uliletwa Tanganyika na Wajerumani mwaka 1893. Miaka tisa kabla ya hapo, yaani mwaka 1884, Wajerumani hao hao walikwisha kutunga kwao sheria ya bima ya ajali za kazini. Mmea ulifika mapema, sheria ilichelewa. Waingereza ndio walioweka Tanganyika sheria ya fidia ya wafanyakazi, ya mwaka 1949.

Sheria hiyo ilikuwa na dari, yaani kiasi ambacho malipo hayawezi kukipita. Mwishoni dari ilikuwa Sh. 108,000 kwa aliyelemaa kabisa, na Sh. 83,000 kwa aliyekufa. Bei zikapanda mwaka hata mwaka, dari ikabaki pale pale. Ilipofika mwaka 2008, kila moja ya fedha hizo ilikuwa haifikii dola 100 za Kimarekani. Mtu aliyepoteza mikono yote miwili alikuwa akilipwa fedha isiyotosha kununua baiskeli mbili. Hili ni funzo la kwanza la hesabu: tarakimu isiyopanda pamoja na bei hushuka, hata kama haikuguswa na mtu.

Mwaka 2008 Bara ilitungwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20. Kwa sheria hiyo ukaundwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, na kuanza kulipa mafao mwaka 2016. Anayechangia ni mwajiri. Mfanyakazi hakatwi kitu. Na ubora wake mkubwa ni huu: mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha kwamba mwajiri alikosa. Linaloulizwa kwanza ni kama aliumia katika kazi na kwa sababu ya kazi.

Tuje Ndungu. Mkonge ukikatwa hupelekwa kwenye *korona*, mashine yenye ngoma zinazozunguka kwa nguvu, zikiponda majani na kukwangua nyama yake mpaka ibaki nyuzi. Mashine isiyotenganisha jani na kiganja ni mashine ya kuogopwa. Tuseme mfanyakazi wa miaka 40, mwenye mshahara wa Sh. 300,000 kwa mwezi, amepoteza mkono. Atibiwa miezi sita, kisha madaktari waandika kwamba amebaki na ulemavu wa kudumu wa asilimia 50.

Hesabu yake ni hii:

Matibabu: yako juu ya Mfuko.

Malipo ya muda, wakati hawezi kazi: asilimia 70 ya mshahara. Asilimia 70 ya Sh. 300,000 ni Sh. 210,000. Kwa miezi sita ni Sh. 1,260,000. Malipo haya ya muda hayapiti miezi 24.

Malipo ya ulemavu wa kudumu: ulemavu mdogo, usiozidi asilimia 30, hulipwa kwa mkupuo mmoja. Ukizidi hapo, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Huyu amepata 50, basi ni pensheni: Sh. 210,000 mara asilimia 50, sawa na Sh. 105,000 kila mwezi.

Sasa tuseme siku ya tatu baada ya ajali alikuja mtu kitandani kwake, na bahasha ya Sh. 2,000,000, na karatasi ya kutia dole gumba kwamba "sina dai tena." Milioni mbili kwa mtu asiyewahi kuzishika kwa pamoja ni fedha nyingi. Lakini tugawe: 2,000,000 kwa 105,000 ni miezi 19 tu. Huyu mtu ana miaka 40. Akijaaliwa kufika 65, ana miezi 300 mbele yake, na 105,000 mara 300 ni Sh. 31,500,000. Yaani bahasha ile ilikuwa ikinunua miezi 300 kwa bei ya 19.

Hatusemi kila mwenye bahasha ni mwovu. Wengine hawajui sheria, wengine wana huruma ya kweli. Twasema tu kwamba bahasha ipokewe kuwa mkono wa pole, kwa shukrani, na karatasi iachwe bila ya dole.

Majirani zetu wa Kenya wana njia nyingine. Kwa sheria yao ya mwaka 2007, aliyelemaa kabisa huhesabiwa mishahara ya miezi 96, na aliyelemaa kwa sehemu hupata sehemu yake. Mwenye mshahara wa Sh. 15,000 za Kenya, aliyepata ulemavu wa asilimia 10, atahesabiwa 15,000 mara 96, kisha asilimia 10 ya hapo, yaani Sh. 144,000 za Kenya. Mwanachama ataona kwamba njia ni mbili lakini mizizi ni ile ile: *mshahara, muda, na kiasi cha ulemavu.* Mtu asiyeweza kuthibitisha mojawapo ya hayo matatu, hesabu yake inachechemea.

Mlango wa pili: aliyeumizwa na kosa la mwingine

Hapa hakuna mwajiri. Kuna mkosaji, na kuna bima ya chombo chake ikiwa anayo. Bara, Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha mwenye gari kuwa na bima ya kulipa watu wengine atakaowaumiza. Lakini hapa aliyeumia ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kosa, na pia mzigo wa kuthibitisha hasara.

Tuseme mama mmoja wa miaka 45, muuza mchele sokoni Ndungu, amepanda pikipiki kwenda Maore. Lori limewagonga kwa nyuma. Mguu umevunjika, na hata baada ya kupona hawezi tena kubeba gunia. Tumwandikie hesabu yake kwa mafungu, kama tunavyopanga daftari la msimu.

*Fungu la kwanza, fedha iliyokwisha kutoka au kupotea:*

Hospitali na dawa: Sh. 850,000
Nauli za kwenda na kurudi: Sh. 240,000
Msaidizi wa nyumbani, miezi 4 kwa Sh. 80,000: Sh. 320,000
Faida ya biashara iliyopotea, miezi 6 kwa Sh. 200,000: Sh. 1,200,000
Jumla: Sh. 2,610,000

Fungu hili ni kali. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwisha kusema mwaka 1992 kwamba hasara ya namna hii lazima itajwe wazi katika madai na ithibitishwe barabara. Kauli ya "nilitumia kama laki mbili hivi" haitoshi. Tuseme katika zile 850,000 za hospitali, Sh. 250,000 hazina risiti. Hizo zafutwa. Zabaki Sh. 2,360,000. Risiti iliyofungiwa sukari na kutupwa imemgharimu mama huyu bei ya mbuzi wawili au watatu.

*Fungu la pili, kipato kitakachopotea mbele:*

Zamani alipata Sh. 200,000 kwa mwezi. Sasa, kwa kumlipa mtu wa kumbebea, anabakiwa na Sh. 120,000. Hasara ni Sh. 80,000 kwa mwezi, yaani Sh. 960,000 kwa mwaka. Angefanya kazi mpaka miaka 60, basi ni miaka 15. Je, tuzidishe kwa 15? La. Kuna sababu mbili za kupunguza. Ya kwanza, fedha ya miaka 15 italipwa leo yote pamoja, na fedha ya leo yaweza kuzalishwa. Ya pili, maisha yana mengi. Huenda angeugua au angeacha biashara hata bila ya ajali. Ndiyo maana mahakimu huchagua idadi ndogo kuliko miaka yenyewe. Tuseme hapa imechaguliwa 9. Basi 960,000 mara 9 ni Sh. 8,640,000.

*Fungu la tatu, maumivu na raha iliyoondoka:*

Fungu hili halina risiti. Nani atatoa risiti ya usiku asiolala? Limeachwa kwa busara ya mahakama, nayo hutazama hukumu zilizopita za majeraha yaliyofanana, na hutakiwa kutoa sababu za kiasi ilichokiweka. Mwenye kukisia naye afanye hivyo hivyo: aulize mguu kama huu, katika mahakama za karibu, umepewa kiasi gani, wala asichukue habari za Ulaya. Tuseme ni Sh. 4,000,000.

Jumla ya mafungu matatu: 2,360,000 na 8,640,000 na 4,000,000, sawa na Sh. 15,000,000.

*Kupunguza kwa kosa la mwenyewe.* Ikaonekana kwamba pikipiki ile ilichukua abiria wawili, watu watatu kwa jumla, ule upakiaji uitwao mshikaki, na mama hakuvaa kofia ngumu. Lori ndilo lenye kosa kubwa, lakini tuseme mahakama yaona yeye amechangia madhara kwa asilimia 20. Asilimia 20 ya milioni 15 ni milioni 3. Zabaki Sh. 12,000,000.

Kupima ahadi ya kumaliza nje ya mahakama

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa upande huu au ule. Wako wanaopokea chochote kwa kuogopa mahakama, na wako wanaokataa kila kitu kwa sababu mtu mmoja sokoni aliwaambia watapata milioni 100. Dawa ya wote wawili ni hesabu.

Tuseme wakili mwaminifu amemwambia mama kwamba katika kesi nne zilizofanana na yake, tatu hushinda. Basi thamani ya dai lake leo si milioni 12 kamili, ni robo tatu ya milioni 12, yaani Sh. 9,000,000. Ondoa gharama za kesi, tuseme Sh. 1,000,000, zabaki Sh. 8,000,000. Tena kesi yaweza kuchukua miaka miwili au zaidi, naye mtoto anadaiwa ada ya skuli sasa.

Wenye bima wakimpa milioni 3, hiyo ni chini ya nusu. Akatae kwa adabu na kuonyesha hesabu yake. Wakimpa milioni 7 na nusu, si ujinga kuipokea. Wakimpa milioni 9, apokee na amshukuru Mungu. Hesabu haimwamulii mtu. Inamwonyesha mahali aliposimama.

Lakini yako masharti matatu kabla ya kutia saini.

Kwanza, jeraha liwe limetulia. Mfupa unaweza kuonekana umeunga leo, na mwezi wa nane ukadai kupasuliwa tena. Hati ya kumaliza madai ikishatiwa saini, mlango umefungwa, na upasuaji wa pili utalipwa na mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo daktari aulizwe waziwazi: "Je, hali hii ndiyo ya mwisho?"

Pili, asisubiri mpaka muda wa sheria upite. Bara, dai la madhara ya namna hii lazima lifunguliwe ndani ya miaka mitatu. Kusubiri jeraha litulie si kulala usingizi.

Tatu, asomewe hati neno kwa neno na mtu asiye na maslahi na upande wa pili.

Mlango wa tatu: aliyeumia shambani mwake

Mkulima wa mpunga wa Ndungu analima jaruba lake kwa pawatila yake mwenyewe. Imeteleza tutani na kumkata mguu. Atamdai nani? Hakuna mwajiri, hakuna mkosaji. Ikiwa mashine ilikuwa na kasoro kutoka kwa aliyemuuzia, pengine pana dai, lakini ni refu na gumu. Bila ya hivyo, hana mlango isipokuwa bima aliyoikata mwenyewe au chama chake.

Mlango huu wa tatu ndio wetu sisi tulio wengi. Mwanachama anayepanda mkarafuu wake mwenyewe, au kijana anayemchumia baba yake bila ya ujira, yuko mahali pale pale alipo yule mwenye pawatila.

Basi tuhesabu chama kingeweza nini. Tuseme wanachama 300 wakitoa Sh. 10,000 kila mmoja kwa msimu, hiyo ni Sh. 3,000,000. Ikiwa msaada wa kila aliyevunjika kiungo ni Sh. 500,000, mfuko utawabeba watu sita. Akianguka wa saba, mfuko ni mtupu. Kwa hiyo ama mchango upande, ama msaada ushuke, ama fedha ya msimu usio na ajali iwekwe kwa ajili ya msimu mbaya. Mfuko usiofanyiwa hesabu hii ni ahadi tu, na mvunjika mguu halali juu ya ahadi.

Turudi kwenye mikarafuu

Mfuko ule wa Bara ni wa Tanzania Bara. Visiwani tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 1986, iliyorekebishwa mwaka 2005. Mwenye dai na aende kwenye ofisi ya kazi ya wilaya yake mapema, akiwa na karatasi zake. Lakini njia ya kufikiri ni ile ile: mshahara, muda, na kiasi cha ulemavu. Na sisi tuna matata matatu yetu wenyewe.

*Tata la kwanza: nani mwajiri?* Shamba ni la mtu mmoja, mikarafuu imekodiwa na mwingine kwa msimu, wachumaji wameletwa na msimamizi. Mchumaji akianguka, mwenye shamba asema "nimekodisha," mkodi asema "namjua msimamizi tu," msimamizi asema "mimi nami ni kibarua." Hili lamalizwa kwa mstari mmoja katika hati ya kukodi: nani atakayebeba jukumu la wachumaji. Uandikwe kabla kamba haijafungwa mtini.

*Tata la pili: mshahara wa mchumaji ni kiasi gani?* Analipwa kwa pishi. Tuseme pishi 10 kwa siku, kwa Sh. 2,000 kila pishi: ni Sh. 20,000 kwa siku. Jamaa zake watasema: 20,000 mara 30, basi ni Sh. 600,000 kwa mwezi. Mwenye shamba atasema: alichuma siku 60 tu, yaani Sh. 1,200,000; gawa kwa miezi 12, ni Sh. 100,000. Wote wamezidisha na kugawa sawasawa, na wote wamekosa. Wa kwanza amesahau kwamba karafuu hazichumwi mwaka mzima. Wa pili amesahau kwamba miezi mingine mtu huyu alikuwa akivua na kulima vibarua. Tuseme huko alipata Sh. 80,000 kwa mwezi kwa miezi tisa, yaani Sh. 720,000. Jumla ya mwaka ni Sh. 1,920,000, gawa kwa 12, ni Sh. 160,000. Hiyo ndiyo hasara ya kweli ya mtu huyu kwa mwezi, akiwa hawezi tena kazi yoyote.

Lakini ili kuijua, lazima pawe na daftari. Jina, tarehe, pishi, malipo, saini. Daftari hilo lamlinda mchumaji asipunjwe, na lamlinda mwenye shamba asidaiwe kwa makisio ya barazani.

*Tata la tatu: haya.* Mchumaji ni mpwa, au jirani, au mtoto wa shemeji. Kudai huonekana utovu wa adabu. Kuhesabu huonekana ukosefu wa imani. Twasema kwa heshima kwamba haya hii humwumiza yule aliyelala kitandani peke yake. Undugu wa kweli ni kukaa mkekani, wazee wa pande mbili wakiwepo, na kuandika mafungu yote moja baada ya jingine, hata ikiwa mwishoni mwenye haki ataamua kusamehe sehemu. Mtu husamehe anachokijua. Asiyejua haki yake hakusamehe, amenyimwa.

Mambo ya kufanya siku ya ajali

1. Mgonjwa apelekwe hospitali kwanza. Asiinuliwe ovyo mgongo wake ukishukiwa. Afungwe juu ya ubao.
2. Polisi waarifiwe, na fomu ya PF3 ichukuliwe.
3. Yaandikwe siku ile ile: saa, mti, nani alikuwepo, nani aliyemwajiri.
4. Kila risiti, hata ya nauli ya gari, itiwe katika mfuko mmoja.
5. Mwajiri apewe taarifa kwa maandishi, na nakala ihifadhiwe.
6. Karatasi yoyote ya kumaliza madai isitiwe dole kabla daktari hajatoa kauli ya mwisho.

Maswali ya kujadiliwa katika matawi

Twaomba makatibu wa matawi wayasome maswali haya mkutanoni, na majibu yaletwe afisini.

1. Mchumaji mwenye kipato cha Sh. 160,000 kwa mwezi hawezi kazi yoyote kwa miezi mitano. Akilipwa asilimia 70, atapata kiasi gani? (Jibu: 160,000 mara asilimia 70 ni 112,000, mara 5 ni Sh. 560,000.)
2. Mtu ana dai la Sh. 6,000,000, na amechangia kosa kwa theluthi moja. Amepewa ahadi ya Sh. 3,500,000, italipwa wiki hii. Je, mngemshauri nini, na kwa sababu gani?
3. Katika hati zenu za kukodi mikarafuu ya msimu ujao, ni nani aliyeandikwa kuwa na jukumu la wachumaji? Ikiwa hakuna, ni nani atakayeandikwa?

Swali la tatu hatukulitia jibu, kwa kuwa jibu lake limo mikononi mwenu, na msimu haungoji.

Wassalaam,
Katibu